MWANDISHI HAKUI PEKE YAKE

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Tunaichapa kwa ombi la wanachama. – Mhariri)



Barua niliyoletewa ilinitaka nizungumze juu ya waandishi wa Kiafrika na ndugu zao weusi wa ng'ambo. Jambo hilo ni pana kama bahari, na mimi si mwalimu wa fasihi. Kazi yangu ni majalada ya ofisini. Kwa hiyo sitajaribu kuwahesabu waandishi wote. Nitasema neno moja tu, nalo ni hili: mwandishi hakui peke yake. Nyuma ya kitabu tunachokisifu aghalabu yuko mtu aliyekubali kukishughulikia kabla hakijawa kitabu. Ninayo sababu yangu ya kulichagua neno hilo, na nitaieleza kabla sijakaa.

Nianze na Chinua Achebe wa Nigeria. Alipoandika Things Fall Apart alikuwa mtumishi wa redio. Aliuandika mswada kwa mkono, na nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Mwaka 1957 akaupeleka London kwa kampuni ya kupiga chapa, akalipa fedha iliyotakiwa. Miezi ikapita, hakuna jibu. Aliandika barua, barua hazikujibiwa. Kijana wa watu akaanza kukonda. Bahati nzuri mkuu wake kazini, Bi. Angela Beattie, alikuwa anakwenda London. Mama huyo alifika mwenyewe katika ofisi ile akadai kazi ifanywe. Ikafanywa. Kitabu kikatoka mwaka 1958, kikasomwa dunia nzima. Mwaka 1973 Clement Ndulute alikitoa kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, na ndivyo nilivyokisoma mimi mara ya kwanza, katika maktaba ya shule hii, nakala isiyo na jalada. Ndugu zangu, fikirini: lau yule mama angesema, "Hayo hayanihusu," huenda mimi na ninyi tusingemjua Okonkwo.

Mwezi Juni 1962 waandishi walikutana katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Alikuwapo Achebe, alikuwapo Wole Soyinka, alikuwapo Christopher Okigbo, alikuwapo Grace Ogot wa Kenya. Alikuwapo Es'kia Mphahlele wa Afrika Kusini, nchi ambayo alikwisha ihama. Kutoka Marekani alikuja mzee Langston Hughes, mshairi wa watu weusi, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amekusanya maandishi ya Waafrika na kuyachapisha Marekani katika kitabu kimoja. Mzee mwenye jina lake alikuwa ametumia muda wake kuyatangaza majina ya vijana.

Katika mkutano huo alikuwamo mwanafunzi wa Makerere, umri wake miaka 24, akiitwa James Ngugi. Kijana huyo alimkabidhi Achebe mswada wake ausome. Achebe angeweza kusema amechoka na mikutano. Hakusema. Aliusoma, akamweleza yaliyo mazuri na ya kurekebisha, na akaupitisha kwa wachapishaji. Mwaka 1964 ukatoka kwa jina la Weep Not, Child. Kijana yule ndiye tuliyemjua baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefungwa kizuizini mwezi Desemba 1977, akaandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, ile iliyokuja kutafsiriwa kwa Kiswahili ikaitwa Shetani Msalabani. Amefariki dunia mwezi Mei 2025.

Lakini hapana budi tuseme na upande wa pili. Mkutano wa Makerere uliwaita waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika vitabu vingi kwa Kiswahili fasaha, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali kama tulivyo wengi wetu humu, hakuwamo. Alifariki tarehe 20 Juni, mwezi ule ule wa mkutano. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulieleza kosa hilo baadaye, na akaacha kuandika riwaya zake kwa Kiingereza. Kwa hiyo jamaa ya waandishi inaweza kumlea mtu, na inaweza pia kumfungia mtu mlango bila hata kumwona amesimama nje.

Tangu siku hizo mambo mengi yametengenezwa, na waliotengeneza ni waandishi wenyewe. Huko Nairobi, Binyavanga Wainaina alipata Tuzo ya Caine mwaka 2002. Hakukaa juu ya tuzo yake. Mwaka 2003 yeye na wenzake walianzisha jarida la Kwani?, na mwaka huo huo hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka katika jarida hilo ikapata tuzo ile ile. Kwa upande wa Kiswahili, mwaka 2014 Mũkoma wa Ngũgĩ na Lizzy Attree walianzisha tuzo ya fasihi ya Kiswahili, na miongoni mwa washindi wa kwanza wa mwaka 2015 walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya na Mohammed Ghassani kwa ushairi. Hapa kwetu tumepata Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023.

Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Tulishangilia wote, lakini niulize: wangapi kati yetu tulikuwa tumemsoma? Riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994, nayo inasimulia habari za nchi yetu hii. Ilibidi tusubiri zaidi ya robo karne, mpaka Ida Hadjivayanis alipoitafsiri ikatoka Dar es Salaam kwa jina la Peponi. Mfasiri naye ni mtu wa nyuma ya kitabu. Yeye ndiye anayekirudisha nyumbani.

Sasa nifike kwenye sababu yangu.

Mwaka 1996 tulikuwa kidato cha nne. Bwenini kwetu alikuwapo mwenzetu mmoja, mpole, ambaye usiku akiandika hadithi katika daftari. Wiki ya mwisho kabla ya kutawanyika alinipa daftari lile. Mimi nilikuwa msimamizi wa maktaba, akadhani najua vitabu. Aliniambia, "Soma, halafu uniambie." Nikalitia sandukuni. Nikaenda kidato cha tano, nikaenda Chuo Kikuu, nikaajiriwa, nikahamishwa vituo vitatu. Daftari nilihama nalo kila mahali, na sikulifungua. Sikuwa na ubaya naye. Niliona tu kwamba hakuna haraka.

Ngũgĩ alipofariki, magazeti yalikumbusha habari za ule mswada wa Makerere. Usiku ule nilitoa sanduku chini ya kitanda. Nilisoma mpaka saa nane. Zilikuwa hadithi sita. Mbili ni za kitoto. Moja, ya mzee anayekwenda kila siku stesheni kumpokea mtoto asiyekuja, ilinifanya niamke nikatembee uani.

Nilimtafuta mwenzetu. Ana duka la vipuri vya baiskeli. Nilimrudishia daftari lake, nikamwomba radhi. Alilishika muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ulilisoma ukaona halifai, ukanionea haya." Tangu mwaka ule hakuandika tena. Ameniruhusu niwaelezeni habari hii, ila jina lake nisilitaje.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi kwamba shule hii ilipoteza Achebe. Hilo hakuna awezaye kulijua, na hapo ndipo uchungu ulipo. Ninachojua ni kwamba kijana mmoja alihukumiwa kwa kimya changu, na mimi sikujua kwamba nilikuwa hakimu.

Kwa hiyo naleta maombi mawili. La kwanza, kila mmoja wetu alete maktabani, kabla ya mkutano wa mwakani, kitabu kimoja cha mwandishi wa Kiafrika, na kiwe cha Kiswahili akiweza. Nimepita maktabani asubuhi hii. Rafu zina nafasi nyingi mno. La pili, kurasa mbili za gazeti letu hili ziwe za wanafunzi walioko shuleni sasa, na tupatikane wanachama watano watakaosoma kila kinacholetwa na kumjibu mwandishi kwa barua katika muda wa wiki mbili. Jibu liwe zuri au baya, lakini liwe jibu. Mimi nimekwisha andika jina langu la kwanza katika orodha iliyopo mezani kwa Katibu.

Nanyi vijana, andikeni, na someni kazi za wenzenu. Msingoje Makerere nyingine. Bweni lenu linatosha kuanzia. Ila kabla hujampa mtu daftari lako, nakili kwanza.

Wiki tatu baada ya kumrudishia daftari, nilipokea bahasha kutoka kwa mwenzetu wa vipuri. Ndani mlikuwa na kurasa nne mpya, na kikaratasi kimeandikwa: "Safari hii unijibu." Nilimjibu siku ya pili yake.