Benki ya Nusu Shilingi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye hafla ya harambee ya mwaka)

  

Nimeombwa niseme machache kabla ahadi hazijaanza kutajwa, kwa kuwa jambo kubwa la mwaka huu ni mfuko wetu wa akiba. Naomba niwapeleke mbali kidogo, katika kijiji cha Ruthwell, kusini mwa Scotland, mwaka 1810.

Benki zilikuwepo Scotland wakati huo, ila hazikupokea amana iliyo chini ya paundi 10. Kibarua wa shambani angeipata wapi? Mchungaji wa usharika ule, Henry Duncan, aliwahi kufanya kazi benki mjini Liverpool, kwa hiyo hesabu alizijua. Alifungua benki ndani ya nyumba ndogo pale kijijini, na kiwango cha kuanzia kikawa peni 6. Wazee mnaoikumbuka sumni mtanielewa: peni 6 ni nusu shilingi.

Fedha hazikukaa pale kijijini. Zilipelekwa mji wa jirani, Dumfries, kwenye benki kubwa ya British Linen Company, iliyolipa riba ya asilimia 5. Mwekaji akapata asilimia 4. Aliyeshindwa kuweka walau shilingi 4 kwa mwaka alitozwa faini ya shilingi 1, mchungaji asimwonee haya. Sanduku la fedha lilikuwa na kufuli tatu, na kila ufunguo ulikuwa na mtu wake, hivyo hata Duncan mwenyewe hakuweza kulifungua peke yake. Mwaka wa kwanza zilipatikana paundi 151. Kufikia 1814 zilikuwa 922.

Hapo ndipo ningependa tutulie. Benki ilikuwa inakwenda vizuri, watu wanamwamini mchungaji wao, na vijiji vingine vimeanza kuiga. Wengi wetu tungesema yatosha. Duncan hakuridhika, kwa sababu uaminifu wa mtu mmoja haurithiwi. Mwaka 1817 Bunge lilipitisha sheria ya benki za akiba kwa Uingereza na Ireland, Scotland ikaachwa nje. Akaandika barua, akasafiri mpaka London kuzungumza na wabunge, na mwaka 1819 sheria ya kuzilinda benki za akiba za Scotland ikapita. Miaka tisa, ndugu zangu, na yote hiyo kwa ajili ya fedha za vibarua.

Lakini hati ya sheria nayo inataka kulindwa. Marekani, Machi 1865, Bunge liliidhinisha benki ya akiba kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, Freedman's Savings Bank. Hati yake ya kwanza ilikataza fedha kuchezewa: sehemu kubwa iwekwe kwenye dhamana za serikali. Mwaka 1870 hati ikabadilishwa ili benki iweze kukopesha kwa rehani ya ardhi na majengo, na mikopo mingine ikaenda kwa marafiki wa wakubwa. Juni 1874 milango ikafungwa. Wawekaji wapatao 61,000 walikuwa wanaidai karibu dola milioni 3, na wengi hawakurudishiwa hata senti.

Kwa hiyo rasimu ya katiba ya mfuko wetu ipo kwenye kila meza. Tafadhali someni kifungu cha mikopo, na kile kinachosema nani anaweza kubadilisha katiba na kwa kura ngapi. Kwa maoni yangu kura za kamati peke yake hazitoshi. Mabadiliko yaje mbele ya mkutano mkuu. Mwenye maoni tofauti asimame ayaseme leo, kabla hatujachangia shilingi ya kwanza. Mwenyekiti ana kalamu.