Mtoto Asipoelewa, Badilisha Njia

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu vijana, mwezi huu wa Qur'ani wengi wetu tunaombwa kuwasaidia wadogo zetu masomo ya madrasa na ya shule. Leo nitazungumza juu ya yule mtoto ambaye unamfundisha na kumrudia, na bado hashiki.

Hapa Sosiot watoto wengi nyumbani wanazungumza Kipsigis. Lugha hiyo haitenganishi P na B, T na D, wala K na G kama Kiswahili kinavyofanya. Ndiyo maana mtoto anaandika "papa" akikusudia "baba", na kwenye msahafu anaweza kuisoma dali kama te. Wengi wetu humsahihisha kwa kurudia neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Jamani, mtoto huyu si kiziwi! Baadaye anaitwa mzito, wenzake wanamcheka, na wiki ya pili haji tena. Hivyo ndivyo tunavyowapoteza.

Sasa tufanyeje? Sisi tuliosoma tajwidi dawa tunayo, kwani tulifundishwa herufi kwa makhraja na sifa zake. Mwambie aweke vidole kooni, aseme "sss", kisha "zzz". Kwenye sini koo limetulia, kwenye ze linatetemeka. Akishaujua mtetemo huo, mpeleke kwenye te na dali, halafu P na B. Sikio lilipokosa, vidole vitamsaidia.

Hesabu nazo ni hivyo hivyo. Mtoto anashindwa na robo tatu ubaoni, na mama yake ni mchuma chai. Muulize: kikapu cha kilo 12 ukitoa robo, zinabaki kilo ngapi? Akijibu 9, basi robo tatu anaijua, kilichomshinda ni maandishi tu. Anzia hapo. Akikwama, mweleze kwa Kipsigis bila kuona haya. Surat Ibrahim, aya ya 4, inatukumbusha kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie.

Tena usimuulize, "Umeelewa?" Atasema ndiyo kwa kukuogopa. Mwambie akufundishe wewe, utaona mwenyewe alipokwama.

Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeswali vibaya, Mtume (s.a.w.) akamrudisha mara tatu. Yule mtu alipokiri kwamba hajui zaidi ya hapo, Mtume alimweleza swala hatua kwa hatua, tangu takbira hadi sijda. Hakumfukuza.

Na tumwambie mtoto anayesoma Qur'ani kwa taabu yale yaliyomo katika hadithi sahihi: yeye ana malipo mawili. Je, mwenye malipo mawili kwa Mola wake, sisi ni nani wa kumwita mjinga?

Allah atupe subira na atukubalie funga zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.