Kamishna na Konokono wa Mchangani

Leo kutoka hapa Karatina nawashusha hadi pwani, kwenye mchanga ulio kando ya matumbawe. Humo anaishi konokono mdogo asiyebeba nyumba mgongoni. Wanasayansi humwita Chelidonura punctata. Kichwa chake ni kipana na bapa kama jembe, nacho hupasua mchanga akazama, huku ute ukimkinga na chembe zake. Mwili una madoadoa, na nyuma unaishia kwa mikia miwili.

Aliyempa jina hilo, mwaka 1903, ni Sir Charles Eliot. Naam, Eliot yule yule! Kamishna wa Uingereza katika nchi hii hadi 1904, aliyewafungulia walowezi wa Kizungu nyanda zetu za juu. Ni wakati wa utawala wake sheria ya ardhi ya 1902 ilipopitishwa. Mwishoni mwa mwaka huo kituo cha Nyeri kikaanzishwa, baada ya watu wa Tetu kupigwa. Kisha 1904 kikosi cha serikali kikavamia Iriaini, hapa hapa Mathira, kikaua watu na kuteka ng'ombe na mbuzi wao.

Konokono wa Zanzibar na wa pwani yetu Eliot aliwachunguza mmoja mmoja: rangi, matamvua, hata meno madogo yasiyoonekana kwa macho matupu. Alipoitazama nchi hii ya bara, yenye malisho na mashamba yaliyopumzishwa, aliona ardhi tupu inayongoja wageni. Hilo ndilo linaloniuma. Uwezo wa kutazama kwa makini alikuwa nao.

Je, tumkatae konokono kwa ajili ya aliyempa jina? La, hasha. Alikuwa mchangani kabla ya kamishna yeyote, na ni wetu sisi wa mlimani kama alivyo wa watu wa Pwani.

Kila mwaka mabasi ya shule hutoka huku kwenda Mombasa. Watoto huona Fort Jesus, hupanda feri ya Likoni, hurudi. Walimu, ongezeni siku moja Watamu, iliyo hifadhi ya bahari tangu 1968. Maji yakipwa, mwongozaji awapitishe mchangani, wasikanyage matumbawe, na kiumbe watakayemwona wamwache alipo. Papo hapo waelezeni habari za Eliot bila kupunguza: za konokono, na za Iriaini.