Pete Inayogeuka Mnyororo
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kemia. Nianze na pamba yetu ya Shinyanga. Uzi wake ni selulosi, yaani maelfu ya glukosi zilizoshikana kama mnyororo. Mnyororo wa namna hiyo huitwa polima. Plastiki nayo ni polima.

Ipo kemikali iitwayo nobonini. Molekuli yake ni pete iliyokunjwa kwa nguvu, mfano wa upinde uliovutwa. Kichocheo chenye metali kama rutheni kikiigusa, pete hufunguka, ikashikana na jirani yake, na mnyororo ukarefuka. Kwa utafiti wa njia hii ya kubadilishana viungo, Chauvin, Grubbs na Schrock walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Mkemia aweza pia kupachika kundi la atomu ubavuni mwa pete. Fikirini matawi ya mgunga: yenye miiba hayapishani kwa urahisi. Vivyo hivyo kundi nene huzuia minyororo kuteleza, na plastiki hukakamaa. Mkia mrefu na laini huilegeza. Nobonini tupu hutoa polima inayofyonza mafuta ikawa mpira. Wafaransa walianza kuiuza mwaka 1976. Jamaa yake, disaiklopentadini, hufungamanisha minyororo kuwa plastiki ngumu ya bodi za magari makubwa na vyombo vya kemikali.

Yatuhusu nini? Nendeni Geita. Wachenjuaji wa dhahabu huloweka marudio katika maji ya sianidi. Kati ya bwawa la mabaki na kisima cha jirani, kinga yetu mara nyingi ni karatasi ya plastiki, hasa polithini. Jua huichakaza, jiwe huitoboa. Ndiyo sababu karatasi bora ni nyeusi: imetiwa masizi ya kuzuia jua. Anayetazama bei tu, asiulize unene wala uimara wa maungio, anahatarisha maji ya kijiji kizima.

Vijana, swali la mtihani kuhusu polima ndilo swali la kisima hicho. Msilikariri, lieleweni. Nasi wazee tusiishie kupiga picha hapa. Tuchangie vifaa vya maabara, ili mkemia atakayekagua mabwawa hayo atoke katika madawati haya.