FUNDI ALIYEBAKI CHINI
Maneno yaliyosemwa mbele ya waparokia na wageni katika sherehe za yubile, Kabongo



Nimeombwa kusema juu ya kazi ya ufundi. Wazazi wengi wa hapa wanafurahi mtoto akisema anataka kuwa mwalimu, munganga ao karani. Akisema anataka kuwa fundi wa motere, wanatazama mikono yake kana kwamba imekwisha kuchafuka na mafuta. Hilo linanishangaza, kwa maana katika nchi hii ya Baluba habari za wafalme wetu tangu Kalala Ilunga zinakwenda pamoja na habari za wafua chuma. Mhunzi hakuwa mtu wa kudharauliwa. Basi nitawaelezea maisha ya fundi mmoja, nanyi mtapima wenyewe.

Jina lake Charles Taylor. Alizaliwa Marekani, katika jimbo la Illinois, tarehe 24 Mei 1868. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 12 tu, akawa mtoto wa kutumwa-tumwa kwenye ofisi ya gazeti moja. Mwaka wa 1894 alimwoa Henrietta Webbert, na baadaye wakahamia mji wa Dayton. Mjini mle walikuwamo ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, wenye duka la kutengeneza na kuuza kinga. Mwezi wa Juni 1901 walimwandika Taylor kazi, mshahara dola 18 kwa juma. Wao wakisafiri kwenda kujaribu mabawa yao penye upepo wa bahari, yeye alibaki kulinda duka na kutengeneza kinga za watu.

Mwisho wa mwaka 1902 wale ndugu walikuwa wamekwisha kujua namna ya kuongoza chombo hewani. Kilichokosekana ni motere. Waliandikia viwanda mbalimbali, lakini hakuna kilichoweza kuwapa motere nyepesi yenye nguvu ya kutosha. Ndipo walipomgeukia fundi wao wa kinga.

Hapa ninaomba mafundi waliomo kati yetu wasikilize vizuri. Taylor hakuwa na ramani kamili ya motere. Mmoja wao alichora kipande kimoja kwenye karatasi mbovu, naye akakipigilia juu ya meza yake ya kazi, kisha akaanza. Mashine zake zilikuwa mbili kubwa: ya kukereza chuma na ya kutoboa. Kile chuma kirefu kilichopinda-pinda, kinachopokea nguvu ya mapistoni na kuigeuza kuwa mzunguko, alikitoa katika bamba moja nene la chuma kigumu. Alichora umbo lake juu ya bamba, akatoboa matundu mengi kufuata mstari, akaondoa mabaki kwa patasi na nyundo, halafu akakikereza mpaka kikalingana sawasawa. Kilipokwisha kilikuwa na uzito wa kilo 9 karibu. Mwili wa motere ulisubuliwa kwa aluminiyumu ili usiwe mzito. Haikuwa na pompe ya esansi. Mafuta yalishuka yenyewe toka juu. Kazi hiyo yote ilichukua majuma 6, na motere ikatoa nguvu za farasi 12 hivi.

Iliwashwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 1903. Siku iliyofuata ilikwama na mwili wake ukapasuka. Ikabidi kungojea mwili mpya wa aluminiyumu mpaka Aprili. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angalirudi kwenye kinga zake.

Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, Orville aliruka sekunde 12, mwendo wa meta 37 karibu. Siku ileile Wilbur akafikisha sekunde 59, meta 260. Dunia nzima inajua tarehe ile. Taylor hakuwapo: alikuwa Dayton, dukani.

Miaka iliyofuata ilikuwa na furaha na machozi. Tarehe 17 Septemba 1908, helisi, ni kusema lile bawa linalozunguka, ilivunjika ndege ikiwa hewani karibu na Washington. Orville aliumia sana, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafa. Taylor alikuwa kati ya waliokimbilia pale. Mwaka wa 1909, Wilbur alipotaka kuruka juu ya maji ya New York, fundi alifunga mtumbwi chini ya ndege, isije ikaanguka mtoni. Jambo hilo watu wa Lualaba watalielewa mara moja.

Mwaka wa 1911 alifuatana na rubani Calbraith Rodgers, aliyevuka Marekani yote toka mashariki mpaka magaribi. Ndege ilikwenda juu, mafundi wakaifuata kwa gari la moshi lenye vyombo vyao. Siku 49 zilipita mpaka Pasadena. Rodgers alianguka zaidi ya mara 10, na kila mara ndege ilitengenezwa upya.

Mambo kama hayo yalifika hata kwetu. Thieffry alipotoka Bulaya kuja Léopoldville mwaka wa 1925, safari ya siku 51, ndegeni alikuwamo fundi Jef De Bruycker. Vitabu vinamtaja Thieffry. Fundi anapewa mstari mmoja. Na mnakumbuka kiwanja cha Kamina, mahali marubani wa Ubelgiji walipojifunzia katika miaka ya 1950. Kila ndege iliyopaa pale, mkono wa fundi ulikuwa umeigusa kwanza.

Turudi kwa Taylor. Alihamia California mwaka wa 1928. Taabu ya uchumi ikaja, feza alizotia katika mashamba zikapotea, mke wake akafariki. Mzee akajiandikisha kiwandani, katika nyumba ya kutengeneza ndege, mshahara senti 37 kwa saa. Wenzake hawakujua ni nani anayefanya kazi kando yao! Watu wa Henry Ford walimvumbua mwaka wa 1937, wakamwita asaidie kurudisha duka la ndugu Wright katika hali yake ya zamani. Orville, aliyekufa tarehe 30 Januari 1948, alimwachia dola 800 kwa mwaka.

Feza hiyo haikutosha. Mwaka wa 1955 mwandishi wa gazeti alimkuta Taylor Los Angeles, katika chumba cha wagonjwa maskini. Watu wa kazi ya ndege wakachanga, wakamhamishia mahali pa kufaa. Alifariki tarehe 30 Januari 1956, miaka 8 kamili baada ya Orville. Leo serikali ya Marekani inawapa mafundi waliotimiza miaka 50 ya kazi nishani yenye jina lake.

Baba Paroko, saa yangu imekwisha na kwaya inangoja. Vijana wenye maulizo juu ya motere watanikuta chini ya mwembe baada ya chakula.