Kipimo ni Maisha, si Ugonjwa: Ubora wa Maisha ya Watoto Wenye Sindromu ya Rett



Mtoto anapogundulika kuwa na hitilafu ya jeni iliyoathiri ukuaji wa ubongo, swali la kwanza ni kama atapona. Kwa maradhi mengi ya aina hii jibu ni hapana, na aghalabu mazungumzo huishia hapo. Mada hii inadai kwamba hapo ndipo yanapopaswa kuanza. Ukali wa ugonjwa ni jambo moja, ubora wa maisha ya mtoto ni jingine, na hili la pili hutegemea mambo mengi tunayoyaweza hata jeni isipoguswa.

Nitatumia mfano wa sindromu ya Rett. Andreas Rett, daktari wa watoto wa Vienna, aliieleza mwaka 1966, lakini ilifahamika kwa upana baada ya makala ya Bengt Hagberg na wenzake ya mwaka 1983. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi, Marekani, ilibaini kuwa chanzo ni mabadiliko katika jeni ya MECP2. Humpata takriban msichana mmoja kati ya 10,000, na kwa kuwa karibu kila mara mabadiliko hayo hujitokeza upya kwa mtoto mwenyewe, hakuna sababu ya kuusaka mkosi katika ukoo wa mama. Kwa kawaida mtoto huonekana kukua kama wenzake kwa miezi 6 hadi 18, kisha maneno yanapotea, na mikono iliyokwisha kujua kushika kijiko inaanza kufikichana bila kukoma. Kwa wengi hufuata kifafa, uti wa mgongo kupinda, pumzi kukatikakatika, choo kigumu na kukosa usingizi.

Ukiisoma orodha hiyo peke yake utadhani maisha yamekwisha. Watafiti wa Australia waliotunga hojaji ya QI-Disability kwa watoto wenye ulemavu wa akili walianza kwa kuwasikiliza wazazi, wakiwemo wa wasichana wenye Rett. Walipata nyanja sita: afya ya mwili, hisia njema, hisia mbaya, mahusiano na watu, burudani na kutoka nje, na kujitegemea. Afya ya mwili ni moja tu kati ya hizo. Ushahidi mwingine unatoka kwenye ulemavu jirani. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Lancet uliwauliza watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye mtindio wa ubongo, na katika nyanja nyingi majibu yao yalilingana na ya watoto wengine. Maumivu ndiyo yaliyoambatana na kushuka kwa ubora wa maisha katika kila nyanja, nayo maumivu yana tiba.

Atasema mtu kwamba watoto wale waliweza kujibu, ilhali mwenye Rett hasemi, na mama anayemjibia huenda anausema uchovu wake mwenyewe. Hoja ni ya kweli, ila haitupi ruhusa ya kutouliza. Wengi wa wasichana hawa huchagua kwa macho: ukiwaonyesha picha mbili, hukazia ile wanayoitaka. Naye mlezi aulizwe anayoyaona: je, amecheka, amelala, amekunja uso alipogeuzwa? Mwingine atahofu kwamba kusifia ubora wa maisha ni kuwaliwaza maskini wasidai dawa. Basi tuitazame dawa yenyewe. Trofinetide, ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ajili ya Rett, Machi 2023, ilipunguza dalili kuliko kipozauongo katika jaribio la wiki 12, lakini takriban wanane kati ya kila kumi walioitumia waliharisha, na gharama yake ni mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kudai dawa ni haki. Hata hivyo, mwenye kipimo cha dalili pekee hawezi kujua kama nafuu hiyo imemfikia mtoto kitandani mwake.

Pingamizi zito zaidi ni la bajeti: kwa nini tuhangaikie ugonjwa adimu wakati malaria inaua? Jibu ni kwamba yanayoinua maisha ya mtoto huyu si adimu hata kidogo. Dawa ya kifafa isiyokatika, tiba ya choo kigumu, mazoezi ya viungo, kiti kinachomshika vizuri, ubao wa picha na nafasi darasani vinamfaa pia mwenye mtindio wa ubongo, usonji au sindromu ya Down. Tukiwahudumia hao walio wengi ipasavyo, mwenye Rett hatakuwa gharama ya pekee.

Napendekeza basi kwamba katika kila hudhurio la kliniki, pamoja na uzito na idadi ya degedege, kadi ya mtoto iandikwe usingizi wake, maumivu yake, na kilichomfurahisha wiki hiyo. Jeni ya MECP2 hatuwezi kuirekebisha leo katika zahanati zetu. Choo kigumu tunaweza.