Sanamu za Kando ya Barabara: Nani Atazisemea?

(Mazungumzo na wanavikundi wa Msambweni)



Katika vikundi vyenu nasikia wazo moja linazunguka: tuchange, tujenge sanamu kubwa kando ya barabara, labda ya kasa, labda ya palahala, yule mnyama ambaye kwa Kenya nzima anaonekana porini kwetu Shimba Hills tu. Wageni wa Diani wakiiona watasimama, na wakisimama watanunua. Wazo si baya. Lakini kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, tuwatazame waliotutangulia.

Tuanze Mombasa. Aliyevuka Likoni anazijua Pembe za Moi Avenue. Ni pembe nne za ndovu, mbili upande huu wa barabara na mbili upande ule, zimepishana hata ukizitazama kwa mbali unaona herufi M. Si pembe za kweli, ni za aluminiamu. Ziliwekwa miaka ya 1950, enzi za ukoloni, kupamba njia kwa ajili ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza. Princess Margaret alifika mwaka 1956. Wakoloni wakaondoka, pembe zikabaki, na leo ndizo alama ya mji.

Je, mgeni akifika hapo anafanya nini? Mara nyingi anashuka garini, anapiga picha, anapanda tena. Basi. Dakika tano zimekwisha, na ameondoka bila kujua alichokiona.

Tena iko sanamu ya askari kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta, tangu mwaka 1927. Ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Hao ni babu zetu, jamani! Lakini ni wangapi kati yetu tumepita hapo mbio mbio tukikimbilia matatu? Sanamu haina mdomo. Isipopata wa kuisemea, ni chuma tu.

Sasa turudi nyumbani Kwale. Ukishuka Shimoni ukavuka kwa mashua hadi kisiwa cha Wasini, utakuta sanamu ambazo hakuna fundi aliyezichonga. Ni matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu baada ya bahari kushuka. Mawe yamesimama kila umbo: mtu atasema anaona uyoga, mwingine mnyama. Bamvua likija, maji huingia katikati yake.

Akina mama wa Wasini hawakununua saruji ya kujenga sanamu. Waliungana kikundi, ikawekwa njia ya mbao juu ya mawe hayo, mgeni apite bila kuyavunja na bila kukanyaga matope. Mgeni hulipa kiingilio, na mapato husaidia mambo ya kijiji kama elimu na afya. Tofauti yao na zile pembe si ukubwa. Tofauti ni kwamba Wasini kuna mwenyeji mlangoni.

Lakini tusidanganyane, kazi ipo. Mbao zinazolowa maji ya chumvi huoza. Kikundi kikigawana kila shilingi, siku ubao utakapovunjika hakutakuwa na njia, wala kiingilio. Na sanamu ya saruji ni vivyo hivyo: upepo wa bahari hula rangi, vyuma vya ndani hushika kutu, saruji hupasuka. Mfadhili anaweza kutoa pesa za kujenga. Pesa za kupaka rangi mwaka wa tano ni nadra sana kuzipata kwake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwanza tembeeni kijijini mtazame mlicho nacho tayari: mbuyu, pango, mawe, kisima cha kale. Waulizeni wazee habari zake, na kama ni mahali pa heshima, ombeni ruhusa au mpaache. Vijana wajifunze kuzieleza habari hizo vizuri. Fungueni daftari la mapato, na fungu la matengenezo litengwe kabla ya mgao. Mkimaliza hayo na bado mwamtaka palahala wa saruji, haya, mjengeni. Atakuwa na wa kumsemea.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Kijijini kwetu kuna nini ambacho mgeni angesimama kukitazama?
2. Ni nani anayejua habari zake, na amemfundisha nani?
3. Shilingi ikiingia, nani ataishika, na ngapi itabaki ya matengenezo?